Mahali Palipoitwa Kidinga

Nkoaranga, Meru
Agosti 1912

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua Tabea akilisoma neno hilo utaitika marahaba kwa sauti, kana kwamba nimesimama mlangoni, nami naipokea kutoka huku mbali. Hujambo mama? Goti lako la kushoto linaendeleaje? Yale mafuta niliyokuletea kwa mkono wa fundi wa reli uliyatumia mwenyewe, au umempa jirani tena? Nakujua. Na vitumbua je, bado vinakwisha kabla jua halijapanda? Mdogo wangu Tabea naye namsalimu sana, na namwomba asome polepole wala asiruke mstari. Akifika mahali sauti ikamkwama, anywe maji kwanza kisha aendelee. Barua ni ndefu, na mwisho wake ndio sababu ya kuiandika.

Mimi ni mzima. Baridi ya mwezi huu ni kali hata maji ya kunawa yanauma vidole. Asubuhi ukungu hushuka mpaka kwenye kizingiti cha shule, na watoto huingia darasani wamejifunika, wananukia moshi na maziwa. Ndizi tunakula asubuhi na jioni, za kupikwa na za kuponda, na sasa mwili umezikubali. Ila kuna siku naamka nikidhani nimesikia ukikuna nazi, nikabaki kitandani kitambo kidogo nikisikiliza.

Katika barua yako uliuliza kazi yangu hasa ni nini, maana ulisikia kwamba nafundisha nusu ya siku tu. Ni kweli. Nusu nyingine nakaa na Mchungaji Tiedmann mezani kwake, tunaandika maneno ya Kimeru. Anataka kutengeneza kamusi, ili wachungaji watakaokuja baada yake wasihubiri mambo ya kuchekesha kwa kutojua. Juu ya meza ana vijitabu viwili vya maneno vilivyoandikwa zamani. Kimoja kiliandikwa na msafiri ambaye hakuwahi hata kuuona mlima huu; alikaa Pangani, akawauliza maneno watu waliotoka huku, wengi wao wakiwa watumwa. Cha pili kiliandikwa miaka mingi baadaye na mtu mwingine aliyefika mpaka chini ya mlima na msafara wake. Upande mmoja neno la Kijerumani, upande wa pili la Kimeru. Kazi yetu ni kuchukua kila neno la vitabu hivyo na kuwauliza watu wa leo wanalisemaje.

Sasa nikueleze jambo lililonipata wiki ya kwanza nilipofika, ambalo sikukuandikia wakati ule kwa sababu niliona haya. Nilikuja nikijiamini kwamba Kimeru nakijua kiasi, kwa kukusikia wewe. Basi jioni moja nilikuwa nyumbani kwa Thomasi, mwalimu mwenzangu, kijana wa huku huku mwenye mdomo mwepesi na roho nyeupe. Moto ulikuwa unafifia, nami nikataka kujionyesha. Nikasema kwa Kimeru, leteni kuni, *modo* unazimika. Mama, walicheka mpaka mama yake Thomasi akashika mbavu. Walisema hapa moto ni *moro*. Nikasema mti, *mdi*; wakacheka tena, wakasema ni *mri*. Nikahesabu mpaka tatu, nikasema *dadu*, wao wakasema *raru*. Thomasi aliniambia nasema kama bibi wa bibi yake, na tangu siku ile akawa ananiita Babu.

Nilirudi chumbani nimenyong'onyea. Unakumbuka watoto wa mtaani kwetu walivyokuwa wakikuita Mama Mdi, kwa sababu ukikasirika ulikuwa ukitupigia kelele tushuke kwenye mdi? Nilikuwa nawapiga kwa ajili hiyo. Lakini moyoni, nikiwa mtoto, nilidhani ni kweli ulimi wako una kasoro, kwamba Kiswahili kimekushinda na lugha ya kwenu umeisahau, ukabaki katikati. Na sasa watu wa kwenu wenyewe walikuwa wamecheka maneno yako.

Kesho yake nilimweleza Mchungaji Tiedmann kama kichekesho. Yeye hakucheka. Aliinuka, akachukua kile kijitabu cha Pangani, akanionyesha. Moto: *modo*. Mti: *mdi*. Tatu: *dadu*. Akaniambia kwa miaka yote aliyokaa hapa alidhani yule msafiri alikuwa na masikio mabovu, na alikuwa amekwisha kuandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba ni makosa matupu. Aliniomba niyaseme yale maneno tena, akasogeza kiti, akanitazama mdomoni kama mganga wa meno. Kisha akachukua kalamu, akayakata yale maandishi mekundu.

Alinieleza hivi, nami nakueleza kwa namna nilivyoelewa. Alisema kwao Ujerumani bibi yake alikuwa akisema *dat* pale wenye shule wanaposema *das*, na yeye utotoni alichapwa darasani kwa kusema kama bibi yake. Alipokuwa mtu mzima ndipo akajifunza kwamba bibi hakukosea. Alikuwa ameshika sauti ya zamani ambayo wengine wameiacha. Akasema sauti haibadiliki katika neno moja leo na jingine kesho kwa bahati. Ikibadilika hubadilika katika maneno yote ya namna ile, kwa watu wote wa mahali pale, na hakuna anayeiona ikibadilika. Nikamkumbuka marehemu baba. Yeye Mnyasa alikuwa akisema *mvula* inakuja, nasi tukimcheka na kumwambia ni mvua, naye akijibu kwamba sisi ndio tumeimeza ile l. Nilipomsimulia, mchungaji alipiga meza kwa furaha, akasema baba yangu alistahili kuwa profesa. Nilipenda sana ulisikie hilo.

Basi tukafuata maneno yale kwa mwaka mzima na zaidi. Waswahili *mti*, wewe na kitabu cha Pangani *mdi*, watu wa leo *mri*. Waswahili *moto*, wewe *modo*, wao *moro*. Ilikuwa kama nyayo za mtu mmoja kwenye njia ndefu. Katika kijitabu cha pili, kile cha msafara, baadhi ya maneno bado yalikuwa na d na mengine yamekwisha kuingia r, maana yake sauti ilikuwa imeanza kugeuka wakati ule. Wewe uliondoka kabla haijageuka, mama. Hukusahau lugha yenu. Uliibeba kama ilivyokuwa siku ile, ukaiweka Tanga, ikabaki vilevile wakati huku nyuma watu walikuwa wakiibadilisha bila kujua.

Hapa ndipo ninapoanza kuogopa kuandika, lakini nitaandika.

Siku ile uliponisindikiza kwenye gari la moshi, nilipokuwa nimeshika kapu la maandazi mkono mmoja na viatu mkono wa pili, uliniambia neno moja kwa ukali ambao haukuwa wa kawaida yako. Ulisema nende nikafanye kazi ya watu, lakini nisimuulize mtu yeyote habari zako. Ulisema wale waliokuacha, waache wakae. Nikaitikia, na nilikuwa nimekusudia kutii. Tangu utoto tulikuwa tunakuuliza kwenu wapi, nawe ulikuwa ukijibu Kidinga, basi, kisha ukageukia ungo wako. Jinsi ulivyofika Pangani utotoni, kabla ya kuhamia Tanga, hukutuambia kamwe, na Tabea nami tulijifunza kutouliza.

Lakini lile jina lilikuwa kichwani mwangu. Mtu akishinda mchana kutwa akigeuza d kuwa r, ataacha vipi kuligeuza jina la kwao mama yake? Siku moja mkono wenyewe uliandika pembezoni mwa karatasi: Kidinga, Kiringa. Nikamuuliza Thomasi, kama mtu anayeuliza tu, iwapo kuna mahali panaitwa Kiringa. Akasema kipo kilima chenye jina hilo, mbali kidogo kupita mto Usa, kwenye nyasi. Nikaomba ruhusa nikaenda.

Mama, nilijisikia mjinga sana huko. Palikuwa na maboma machache ya watu waliohamia juzijuzi tu. Mzee mmoja alinikaribisha vizuri, na aliposikia natafuta ndugu wa mwanamke aliyepotea utotoni, mara moja akasema ni dada yake, akanikumbatia, akaagiza pombe. Nilifurahi hata machozi yakanitoka. Kisha nikamuuliza jina la huyo dada, akataja jina ambalo silo, nikasema silo, akataja jingine. Nilipomuuliza alikuwa na makovu gani, akasema yote, uso mzima. Nadhani hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mpweke na alipenda mgeni. Nilirudi kwa miguu nikijiambia kwamba nimeadhibiwa kwa kutokutii, na nikaapa kuacha.

Nikaacha kweli, kwa miezi. Aliyeamsha jambo upya ni mchungaji, naye hakujua. Tulikuwa na akina mama waliotoka juu, karibu na msitu, wameleta ndizi. Alikuwa akiwauliza majina ya vyombo, akashtuka kwamba wao husema *shi* pale wenzao wa chini wanaposema *ki*. Akaenda kwenye vijitabu. Cha Pangani kilikuwa na *ki* kila mahali. Cha msafara kilikuwa na *ki* katika maneno mengi na *shi* katika machache. Akasema, tazama Yoeli, sauti nyingine hiyo, na hii imeanzia juu mlimani inashuka taratibu. Alikuwa anaeleza bado, lakini mimi sikusikia tena. Nilikuwa naliona jina likiandikwa mbele ya macho yangu mara ya tatu.

Jioni nilimuuliza Thomasi, Shiringa ni nini. Hakufikiri hata kidogo. Alisema Shiringa ni mfereji wa maji, ule unaochepuka mtoni juu kabisa chini ya msitu. Zamani palikuwa na watu wengi pale, mji mzima wa ukoo, ila baada ya vita vya Boma, vile vya kupigana na Wajerumani, wengi walikufa au walitawanyika, jina likabakia kwenye mfereji tu. Nikauliza kama hakuna aliyebaki hata mmoja. Akasema yupo bibi mmoja na mwanawe na mkwe wake, na kwamba bibi huyo ana maneno ya zamani sana, kama mimi, Babu.

Sikwenda siku ile, wala wiki ile. Kila nikitaka kwenda nilikuona pale stesheni na ukali wako. Mwisho nilimwambia mchungaji ukweli wote. Kwanza alifurahi sana kwa ajili ya ile d, akaanza kutafuta kalamu, akisema huenda bibi huyo ni mtu wa mwisho mlimani mwenye sauti hiyo. Kisha akanitazama usoni, akaiweka kalamu chini, akaniomba radhi. Alisema hawezi kuniamuru nimtii mama yangu wala nisimtii, ila bibi yake alikufa kabla yeye hajarudi nyumbani kumwambia kwamba *dat* haikuwa kosa.

Jumamosi iliyofuata Thomasi alinipeleka. Tulipanda katikati ya migomba mpaka migomba ikaanza kuwa michache na mirefu, na baridi ikatoka msituni kama mtu amefungua mlango. Mfereji tuliufuata kwa ukingo wake. Maji ni machache lakini safi, na kokoto zinaonekana. Nyumba ni ya majani, ya mviringo, ng'ombe mmoja ndani, moshi unatoka kotekote. Bibi alikuwa ameketi karibu na jiko la mafiga, mdogo wa umbo, shingo imenyooka. Jina lake ni Namelok. Thomasi alimsalimu kwa heshima ya huku, akasema huyu ni mwalimu kutoka pwani anayekusanya maneno ya zamani. Haikuwa uongo.

Nikatoa karatasi, nikaanza kazi kama siku zote, maana kazi ndiyo iliyonishikilia. Nikamwonyesha mti nje ya mlango, nikauliza huu unaitwaje. Akasema *mdi*. Nikanyoosha vidole vitatu. Akasema *dadu*. Mkwe wake aliyekuwa anamenya ndizi akacheka, akatuambia tumsamehe bibi, ni yeye peke yake anayesema hivyo. Nikamwonyesha moto. Akasema *modo*, mama, na akalivuta mwishoni kidogo, kama wewe, kama unavyolivuta wewe ukiwa umechoka.

Penseli ikaniponyoka. Nikamuuliza ni nani mwingine anayesema hivi. Akasema waliosema hivi wamekwisha kufa, na mmoja alikwenda. Nikauliza, alikwenda wapi? Akainama kupuliza moto. Basi nikasema jina lako la utotoni, lile tulilolisikia mara moja tu ulipokuwa na homa kali na ukajiita mwenyewe.

Nilisema, "Nadiso."

Alinitazama kwa mara ya kwanza. Halafu akamgeukia Thomasi, akasema, "Nani amemfundisha mtu huyu jina hilo? Katika nyumba hii halitajwi."

Nikamwambia ni mama yangu. Nikamwambia yu hai, yuko Tanga, anapika vitumbua, ana watoto wawili, na goti la kushoto linamuuma. Sijui kwa nini nilitaja goti. Akanyoosha mkono, akanishika sikio, akalipapasa kwa kidole gumba, kisha akaniachia. Nilitazamia alie au acheke. Hakufanya moja wala jingine. Aliinuka, akatoka nje, akaingia kwenye migomba, akakaa huko muda mrefu sana. Thomasi alininong'oneza kwamba pengine tuondoke. Mkwe aliacha kumenya. Tulikaa tukisikia ng'ombe akicheua.

Aliporudi aliketi palepale, akazungumza akiutazama moto, si mimi. Na sasa, mama, Tabea akusogelee karibu, kwa maana haya ndiyo niliyokataliwa kuyatafuta, na yamenifikia.

Alisema yeye ni dada yako mkubwa, tumbo moja. Alisema mwaka ule mvua zilikatika, ndizi zikadumaa, na watoto wa majirani walianza kufa. Walikuja watu wa tambarare wenye nafaka. Baba yenu alipatana nao wampe mtama, naye awaachie mtoto mmoja akae kwao awafanyie kazi mpaka mavuno, kisha atamkomboa. Ndivyo watu walivyokuwa wakifanya, na wengi waliwarudisha watoto wao. Mtoto aliyepangwa kwenda hakuwa wewe. Alikuwa yeye, kwa sababu alikuwa mkubwa na angeweza kazi. Lakini aliwasikia wazazi wakizungumza, na alfajiri akatoroka, akajificha kwa mjomba wenu ng'ambo ya mto. Watu wa nafaka hawakutaka kungoja. Baba alimwita, akamtafuta, asimwone. Ndipo akakushika wewe mkono.

Alisema, "Mwambie ilikuwa zamu yangu."

Akarudia mara ya pili, kwa maneno yaleyale. Aliambiwa baadaye na mama yenu kwamba uliondoka ukirukaruka, kwa kuwa baba alikuwa amekuahidi mtaona pundamilia. Jambo hilo, alisema, ndilo lisilomtoka. Angeambiwa uliondoka ukilia angeweza kulala.

Walipovuna, baba yenu alishuka na mtamba na mbuzi wawili kukukomboa. Aliwakuta wale watu wamekwisha kukuuza kwa msafara uliokuwa unakwenda Pangani. Akaufuata. Alifika mpaka mto mkubwa, akaulizauliza, akapigwa na watu wa msafara mwingine, akarudi miguu imevimba na mifugo hana. Huku mtu akipotea moja kwa moja huchinjiwa mbuzi kama aliyekufa, ili walio hai wapumzike. Wazee walimsihi afanye hivyo. Alikataa mpaka kufa kwake. Alisema hamchinjii mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwachia mkono. Kwa hiyo kwenye hesabu ya nyumba ile hujawahi kuwa maiti, mama. Ulikuwa hutajwi, lakini hukuzikwa. Mama yenu aliondoka na ndui, miaka mingi kabla ya Wajerumani. Namelok aliolewa, mume akafa katika vita, naye akarudi kwenye shamba la baba na kukataa kuhama hata wengine wote walipohama. Mwanawe anasema hawakumwelewa ni kwa nini. Siku ile alitueleza: alikuwa anaogopa kwamba siku moja utakuja ukiuliza Kidinga, usikute mtu.

Nimekuandikia kama alivyosema, sikupunguza wala sikuongeza. Sikuombi umsamehe, mimi sikushikwa mkono siku ile, na si mahali pangu. Ninalokuomba ni radhi yangu mwenyewe, kwa kuwa uliniambia nisiulize nami nikauliza. Ukinikasirikia utakuwa na haki. Lakini siwezi kukuambia kwamba najuta, maana ningekuwa nakuandikia uongo, na hukutulea hivyo.

Kuna jambo moja lililobaki, na ndilo linalofanya barua hii isiweze kungoja. Nilipomaliza kumweleza habari zako aliniuliza Tanga ni mbali kiasi gani. Nikasema zamani ni safari ya kufa na kupona, lakini sasa gari la moshi linafika Moshi. Ukilipanda pale linakushusha Tanga. Nilisema hivyo nikifikiri juu yako, kwamba pengine siku moja ungekubali kupanda huku. Yeye hakufikiri hivyo. Alimwambia mkwe wake ampe ile ngozi yake ya kujifunika safarini. Mwanawe alipokuja jioni alipinga sana, akasema mama ni mzee, hajawahi kuvuka mto Usa, atakufa njiani na watu watamlaumu yeye. Bibi alimjibu kwamba alitakiwa kushuka tangu mwaka ule, na amechelewa vya kutosha.

Nimejaribu kumwambia tungoje kwanza jibu lako. Akaniuliza jibu linachukua muda gani kufika, nikamwambia, akatikisa kichwa. Basi tutaondoka shule ikifungwa, wiki ijayo, yeye na mimi. Mchungaji ametuandikia cheti cha njia na amempa blanketi lake mwenyewe. Alitaka pia kumpa orodha ya maneno ya kumuuliza njiani, lakini nikamwomba aiache, naye akakubali. Barua hii itatutangulia kwa siku chache tu.

Nilimwambia ukweli, mama. Nilimwambia inawezekana usitake kumwona. Nilimwambia kwamba wewe si mtu wa maneno mengi, na ukifunga mlango umefunga. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema atakaa nje ya nyumba mpaka utakapomwita, na kama hukumwita, basi, angalau atakuwa ameshuka.

Kwa hiyo Tabea aweke mkeka uani, kwenye kivuli cha mkungu, na mtungi wa maji karibu. Asimpikie samaki siku ya kwanza. Watu wa huku hawali samaki na harufu yake itamshinda. Ndizi mbichi zikipatikana sokoni zitamfaa. Hajui Kiswahili hata neno, wala Tabea hajui Kimeru cha kutosha, kwa hiyo ukitaka jambo lolote lisemwe nyumbani humo wakati mimi nimetoka, itabidi uliseme mwenyewe.

Nisalimie jirani zetu wote, na watoto wa mtaani ambao sasa nasikia ni baba za watu. Nisalimie kaburi la baba ukienda kupalilia, umwambie kuna Mjerumani amemsifu. Mchungaji anakusalimu, Thomasi anakusalimu na anasema angependa kuvionja hivyo vitumbua ninavyomsimulia kila siku. Mungu akutunze na goti lako, akutunzie na huyo Tabea wako, tukukute mzima.

Ni mimi mwanao anayekupenda, niliyekukosea kwa kukutafutia ndugu,

Yoeli